Cape Town au Maskati: mmoja huamriwa na upepo, mwingine na saa

Ukiitazama kwenye picha, miji hii miwili, mmoja wa Afrika Kusini na mwingine wa Oman, ni ndugu. Milima mikavu imeshuka hadi baharini, na mji umejinyoosha kwa urefu kwa sababu mlima haukuuachia nafasi ya kutanuka. Hata umbali haupishani sana: ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Cape Town huchukua kati ya saa tano na nusu na sita, na kutoka Dar es Salaam au Unguja hadi Maskati ni karibu saa tano na nusu. Mtu wa Afrika Mashariki anayekwenda kutalii mji wa pwani ugenini kwa mara ya kwanza, mwenye siku sita au saba na pesa ya safari moja tu, anaweza kukaa wiki nzima akipima huu na ule.

Kuhesabu vivutio hakutamsaidia, maana kila mji una bwana wake. Cape Town huamriwa na upepo: ndio unaoamua kama utapanda mlimani, kama boti itaondoka, na utaota jua upande gani. Maskati huamriwa na saa: saa ya swala, saa ya jua kali, saa ya maduka kufungwa, na siku ya Ijumaa. Asiyemjua bwana wa mji hurudi nyumbani amelipia mlima ambao hakuupanda, au ameshinda hotelini mchana kutwa akingoja soko lifunguliwe.

Mwezi kwanza, mji baadaye

Ugumu unaanzia hapa: miji yote miwili hupendeza kati ya Novemba na Machi, kwa sababu zinazopingana. Cape Town iko kusini, kwa hiyo hiyo ni miezi yao ya kiangazi, mchana ukifika nyuzi 25 hadi 28, mvua haba, na Desemba jua likizama karibu saa 2 usiku. Maskati ndiyo miezi yao ya baridi, baridi ya kusema tu: mchana nyuzi 24 hadi 28, usiku 17 au 18. Ila siku zao ni fupi. Desemba jua linazama kama saa 11 na nusu jioni, na safari ya kutwa ikianza saa 4 asubuhi imekwisha kabla haijanoga.

Ukiwa na likizo ya Desemba tu, nenda Maskati. Kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya pili ya Januari, Waafrika Kusini wenyewe wako likizo na nusu ya nchi imehamia Cape Town. Vyumba hupanda bei, tiketi za kisiwa cha Robben huisha siku nyingi kabla, na upepo wa kusini-mashariki huwa katika nguvu zake. Sisi tuliozoea kusi tunadhani tunaujua upepo. Kusi letu huvuma kwa adabu. Ule wa Cape Town unaweza kushika siku tatu mfululizo, ukarusha mchanga miguuni kama sindano na kupindua meza za mikahawa. Wenyeji huuita Daktari wa Cape kwa kuwa husafisha hewa ya mji.

Februari na Machi ndiyo miezi bora ya Cape Town, hasa Machi: wageni wamepungua, upepo umeanza kuchoka, jua bado lipo. Kwa Maskati miezi hiyo hiyo inahitaji kalenda ya Kiislamu mkononi. Mwaka 2026, 2027 na 2028 Ramadhani inaangukia kati ya mwisho wa Januari na takriban tarehe 20 Machi, yaani katikati kabisa ya msimu wao mzuri. Mwislamu anayetaka kufungua kinywa kwa harisi na tende kwenye mji wenye ladha ya kwao atafurahi mno. Asiyefunga ajue kwamba kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kosa kisheria, mikahawa mingi hufungwa hadi magharibi, na saa za makumbusho hupunguzwa.

Juni hadi Agosti hakuna cha kujadili. Maskati huvuka nyuzi 40 mchana, na usiku bado ni 30 na ushee huku unyevu wa bahari ukikung'ang'ania. Mtu wa Tanga au Mombasa hujisemea kwamba joto analijua. La huko ni jingine, kwa kuwa hata mawe ya milima yanayouzunguka mji hukaa yakitoa joto usiku kucha. Cape Town wakati huo ina mvua na baridi ya nyuzi 8 hadi 18, lakini mvua yake huja kwa mawimbi: siku mbili tatu za dhoruba, kisha siku mbili tatu angavu na tulivu, tulivu kuliko Januari. Nyangumi huonekana wewe ukiwa nchi kavu huko Hermanus, kama kilomita 120 kutoka mjini, kuanzia Juni hadi Novemba. Vyumba ni nafuu. Ubaya ni kwamba kebo inayopandisha watu mlimani hufungwa kwa matengenezo ya kila mwaka, na kawaida huwa Julai au Agosti. Angalia tarehe kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Makaratasi na kufika

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, Afrika Kusini ni rahisi: haombi viza kwa ziara ya hadi siku 90 kwa mwaka. Wakenya walipata nafuu hiyo Januari 2023. Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo huomba viza mapema, na kwao suala la mji gani huanzia hapo. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa angalau siku 30 baada ya tarehe ya kuondoka. Anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 18 abebe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na barua ya ridhaa iliyothibitishwa kama mzazi mmoja amebaki nyumbani. Hata pale isipodaiwa na uhamiaji, wafanyakazi wa ndege huweza kuidai kwenye kaunta, na kaunta ndipo safari nyingi za familia hukwama.

Viza ya Oman huombwa mtandaoni kwenye mfumo wa Polisi ya Kifalme ya Oman, kabla ya kupanda ndege. Tovuti za mawakala wanaoiga sura ya ule wa serikali na kuongeza ada yao juu ni nyingi. Hakikisha anwani inaishia na gov.om. Jina kwenye fomu liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, majina matatu kama ni matatu. Kosa la herufi moja halirekebishwi uwanjani, huombwa upya.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kibebwe kwa mji wowote kati ya hii. Huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya wiki ya safari haisaidii. Mirungi, au miraa kama wasemavyo Kenya, ibaki nyumbani: ni haramu kisheria kote kuwili. Dawa kali za maumivu zenye kodeini au tramadoli zisiingie Oman bila karatasi ya daktari yenye jina la msafiri.

Anayefika Cape Town kwa kupitia Johannesburg ajue jambo moja ambalo huwakosesha watu ndege. Uhamiaji hupitwa Johannesburg, sio Cape Town. Unachukua mabegi yako pale, unapita forodha, kisha unayarudisha kwenye kaunta ya ndege za ndani, hata kama yalibandikwa lebo ya Cape Town. Foleni ya asubuhi inaweza kula saa nzima na zaidi. Acha pengo la saa tatu kati ya ndege na ndege.

Ratiba zote za huko zimeandikwa kwa saa za kizungu, na makala hii inatumia za kwetu. Boti iliyoandikwa 09:00 inaondoka saa 3 asubuhi.

Cape Town: anza na vinavyovunjika

Kanuni ya kupanga siku ni moja: vitu vinavyoweza kuahirishwa na hali ya hewa viwekwe mwanzoni mwa safari, ili kikivunjika leo kipate kesho. Watu hufanya kinyume. Huuacha mlima uwe kilele cha siku ya mwisho, na siku ya mwisho ndipo upepo hufunga kebo.

Table Mountain ina kimo cha mita 1,085 kutoka usawa wa bahari, na kebo yake imekuwepo tangu 1929; kibanda cha sasa ni cha duara, huvutwa kwa waya huku sakafu ikizunguka. Inapanda kwa dakika tano hivi. Nunua tiketi mtandaoni, maana foleni ya tiketi na foleni ya kupanda ni mbili tofauti, na kawaida tiketi hiyo hukubalika kwa siku 7, kwa hiyo haikufungi kwenye tarehe moja. Asubuhi ya siku ya kwanza fungua tovuti yao. Huandika kama wamefungua. Ukiona wingu jeupe limelala juu ya mlima kama kitambaa cha meza, juu huoni kitu hata kama waya unatembea. Panda asubuhi na mapema au saa mbili kabla ya jua kuzama, na beba koti la upepo hata kama chini mjini unatoka jasho.

Wanaotaka kupanda kwa miguu hutumia njia ya Platteklip, ngazi za mawe zenye mwinuko mkali, saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida, lita mbili za maji kwa kila mmoja. Hatari yake haiko kwenye kupanda. Wengi hupanda wakijiambia watashuka na kebo. Wakifika juu alasiri wanakuta upepo umeifunga, magoti yamekwisha, maji yamekwisha, na giza linaingia. Upepo ukiwa na shaka, anza mapema kiasi kwamba unaweza kushuka kwa miguu kabla ya saa 11 jioni. Nendeni kundi la watu wanne au zaidi, kwa sababu wanaoporwa mlimani mara nyingi ni mtu mmoja au wawili.

Kisiwa cha Robben, ambako Nelson Mandela alitumikia miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, kiwekwe siku ya pili. Boti huondokea Nelson Mandela Gateway pale Waterfront, na safari nzima huchukua kama saa tatu na nusu. Sehemu ya gerezani kwa kawaida huongozwa na mtu aliyefungwa humo, na hilo pekee linatosha kuipa nusu siku. Bahari ikichafuka boti hufutwa asubuhi hiyo hiyo. Chagua boti ya kwanza, kwa sababu upepo wa kiangazi huongezeka mchana. Anayetapika baharini ameze dawa nusu saa kabla.

Mzunguko wa rasi ni kazi ya kutwa na gari, kama kilomita 150: Hout Bay, barabara ya Chapman's Peak (kilomita 9, kona 114, ya kulipia), Rasi ya Tumaini Jema, kisha Simon's Town kwa pengwini wa Boulders, na kurudi kwa Muizenberg. Chapman's Peak hufungwa mvua ikiporomosha mawe, hivyo iulizie asubuhi. Kwenye hifadhi ya rasi, nyani wamejifunza kufungua milango ya magari. Vioo juu, chakula kisionekane, na ndizi isishikwe mkononi nje ya gari. Na bango la rasi lisikudanganye: ncha ya kusini kabisa ya Afrika, mahali bahari mbili zinapogawanywa rasmi, ni Agulhas, mwendo wa saa kama tatu upande wa mashariki.

Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi rangi, wengi huupitia kwa dakika kumi za kupiga picha. Una haki ya zaidi. Msikiti wa Auwal wa pale ulianzishwa 1794 na ndio wa kwanza Afrika Kusini, na wazee wa mtaa huo ni uzao wa watumwa na wafungwa wa kisiasa walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, India na hata pwani ya Afrika Mashariki. Jumapili asubuhi watu hununua koesister, andazi la viungo lililochovywa sharubati na kunyunyiziwa nazi. Mla kaimati hatauliza maelezo.

Maskati: siku ina vipande viwili

Hapa upepo hausumbui. Kinachosumbua ni kwamba kati ya saa 7 mchana na saa 10 alasiri mji hulala. Soko la Mutrah hufunguliwa asubuhi, hufungwa mchana, kisha hufunguliwa tena hadi usiku. Ijumaa asubuhi limefungwa kabisa. Basi asubuhi ni ya msikiti, ngome na makumbusho, mchana ni wa kulala au kuogelea, na jioni ni ya soko na kutembea ufukweni. Mtu akijaribu kushindana na mpangilio huo hushindwa yeye.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, hupokea wasio Waislamu Jumamosi hadi Alhamisi kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi tu. Saa 4 na nusu mabasi ya watalii yamejaa. Fika saa 2 kamili. Zulia la ukumbi wa wanaume ni kipande kimoja cha mita 70 kwa 60, tani 21, lililofumwa kwa mkono kwa miaka minne. Mwanamke afunike nywele, mikono hadi viganjani na miguu hadi vifundoni. Dera la mikono mifupi hurudishwa mlangoni, na hapo ndipo biashara ya kukodisha abaya inapopata wateja wake. Kwa Waislamu mlango wa swala uko wazi nyakati zote tano.

Ngome za Jalali na Mirani, zilizokaa juu ya mawe pande mbili za bandari ya zamani, zilijengwa na Wareno. Aliyeiona Fort Jesus ya Mombasa ataujua mkono huo mara moja. Wareno walifukuzwa Maskati mwaka 1650 na ukoo wa Yaarubi, na ukoo huo huo ndio ulioitwaa Fort Jesus mwaka 1698. Ngome zenyewe kwa kawaida huonwa kwa nje. La kuingia ni Makumbusho ya Taifa, mkabala na kasri la Al Alam, na saa mbili humo hazipotei.

Ijumaa, kwa kuwa mji umefungwa hadi alasiri, ondoka. Nizwa iko kama kilomita 150 bara, na mnada wake wa mbuzi na ng'ombe hufanyika Ijumaa hiyo hiyo asubuhi, wanyama wakizungushwa duara huku wanunuzi wakipiga kelele za bei. Saa 3 na nusu umekwisha. Ama ondoka Maskati saa 11 alfajiri, ama lala Nizwa Alhamisi, na la pili ni bora. Ukiwa na nafasi unganisha kasri la Jabrin, lenye dari za mbao zilizopakwa nakshi. Kwa macho ya wengi linaipita hata ngome ya Nizwa.

Wadi Shab, bonde lenye maji ya kijani kilomita 140 hivi kuelekea Sur, ndilo picha inayowaleta vijana wengi. Gari huachwa chini ya daraja la barabara kuu, kiboti kinakuvusha kwa rial 1 kwenda na kurudi, unatembea dakika 45 hadi 60 juu ya mawe, kisha sehemu ya mwisho huogelewa hadi kwenye pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea anaishia kwenye bwawa la kwanza, na ni vema ajue hivyo kabla ya kulipia gari la kutwa. Viatu viwe vya kuloana na visivyoteleza, simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mvua ikitabiriwa milimani, usiingie wadi yoyote hata kama juu yako ni jua tupu: maji hushuka kutoka mbali kwa ghafla. Kuvuka kwa gari wadi inayotiririka ni kosa la jinai, na kila msimu wa mvua huua watu.

Pa kulala na kuzunguka

Cape Town bila gari inawezekana kwa siku tatu za mwanzo, kwa teksi za programu (Uber na Bolt zote zipo na ni nafuu) na mabasi ya MyCiTi. Lala Sea Point kama unataka kutembea jioni kando ya bahari kukiwa na watu. Gardens kama unataka kuwa karibu na mlima kwa bei ya kadiri. Camps Bay ni nzuri kwa picha, lakini upepo ukishuka mlimani unapiga hapo hapo. Katikati ya mji huwa tupu usiku na Jumapili, na usitembee hapo baada ya giza hata kwa mitaa miwili. Simu isishikwe mkononi barabarani, na kwenye gari lililoegeshwa kusiachwe kitu, hata mfuko mtupu, maana mwizi hajui kwamba ni mtupu. Walinzi wa magari wa mitaani hupewa randi 5 hadi 10. Wengi wao ni Wakongo, na salamu ya Kiswahili mara nyingi hujibiwa kwa Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi.

Maskati kwa usalama haina mpinzani: mwanamke peke yake hutembea ufukweni saa 4 usiku bila shaka. Kikwazo ni umbali. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 30 kutoka Mutrah, na kati yake mji umetawanyika kwenye barabara kuu moja ambayo haivukwi kwa miguu. Asiyeendesha alale Mutrah, atembee kwa miguu sokoni na ufukweni, na atumie programu ya OTaxi kwa safari ndefu. Teksi za mtaani za chungwa na nyeupe hukubaliana bei kabla ya kupanda. Ruwi ni nafuu zaidi na ina stendi kuu ya mabasi ya Mwasalat, ila bahari huioni.

Kukodi gari ni tofauti kabisa kwa kila mji. Afrika Kusini unaendesha kushoto kama nyumbani. Oman ni kulia, na kosa hutokea asubuhi, barabara ikiwa tupu, unapotoka kituo cha mafuta; abiria wa mbele apewe kazi ya kukumbusha. Kamera za mwendo ziko kila baada ya kilomita chache. Gari chafu pia huweza kukuletea faini, na hilo si utani. Kupanda Jebel Akhdar lazima gari livute magurudumu yote manne. Polisi wa kizuizi cha Birkat al Mouz hulitazama na kukurudisha. Faraja ni mafuta: lita moja haifiki robo ya rial. Kwa miji yote miwili chukua leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka.

Bahari yenyewe

Hapa ndipo matarajio huumia zaidi. Clifton na Camps Bay, fukwe nyeupe za Cape Town, maji yake kiangazi ni nyuzi 11 hadi 15. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea baharini, na ya baridi hupanda kutoka chini kushika nafasi yake. Kwa hiyo siku ya joto kali na upepo mkali ndiyo maji hugandisha zaidi. Mtu wa Nyali au Paje huingia hadi magotini, akatoka. Upande wa pili wa rasi, Muizenberg na Fish Hoek, maji hufika 18 hadi 21, na kuna walinzi wa papa wanaopandisha bendera. Ikiwa nyeupe yenye picha ya papa, toka majini.

Maskati maji hayashuki chini ya nyuzi 23 hivi hata Februari. Visiwa vya Daymaniyat, hifadhi tangu 1996, vina kasa na samaki wa rangi unaowaona kwa miwani na mrija tu. Boti za nusu siku huondoka asubuhi. Ufukwe wa wazi wa Qurum ni wa familia za Kiomani: kaptura ndefu na fulana, sio nguo za kuogelea. Hizo ni za ufukwe wa hoteli.

Fedha, chakula na vidogo vinavyokwamisha

| | Cape Town | Maskati |
|---|---|---|
| Fedha | Randi | Rial 1 = baisa 1,000, takriban dola 2.6 |
| Plagi | Pini tatu nene za duara | Pini tatu bapa, kama za kwetu |
| Saa (dhidi ya Dar na Nairobi) | Saa 1 nyuma | Saa 1 mbele |
| Wikendi | Jumamosi na Jumapili | Ijumaa na Jumamosi |
| Maji ya bomba | Yananyweka | Watu hununua ya chupa |
| Laini ya simu | Pasipoti na anwani ya makazi | Pasipoti, uwanjani |

Rial hudanganya. "Tatu tu" ya dereva ni karibu dola nane. Noti za zamani za Oman ziliacha kuwa halali mwishoni mwa 2024, kwa hiyo zile alizozihifadhi shangazi tangu alipokwenda zamani hazitalipa teksi. Simu za sauti za WhatsApp mara nyingi hazipiti kwenye mitandao ya huko, ujumbe hupita. Waambie wazee nyumbani mapema wasije wakadhani umepotea.

Chumba na gari hugharimu zaidi Maskati. Chakula cha kawaida ni bei ndogo kote kuwili, chai ya karak ikiwa baisa 100 hadi 200. Mishkaki inauzwa barabarani kwa jina hilo hilo, halua ni ndugu ya ile ya Unguja, na familia nyingi zenye asili ya Zanzibar bado huzungumza Kiswahili nyumbani. Ubani wa Dhofar ununuliwe Mutrah kwa kuangalia rangi: mweupe wenye kijani hafifu ni wa juu, wa hudhurungi wenye magamba ni wa kufukizia tu. Siku meli za kitalii zikiwa bandarini bei hupanda tangu asubuhi, rudi usiku. Cape Town nyama halali hupatikana bila kutafuta, na anayetaka pombe atakuwa huru zaidi huko, kwa kuwa Maskati huuzwa zaidi hotelini kwa mgeni, kwa bei ya kukatisha tamaa.

Nani aende wapi

Unayempeleka mama au bibi, mpeleke Maskati kati ya Novemba na Januari: ardhi ya ufukweni ni tambarare, msikiti upo hatua chache, na ataongea na watu. Siku tano zinatosha, moja ikiwa ya Nizwa. Vijana wanaopanda na kuendesha wataichoka kwa siku ya nne wasipokwenda Wadi Shab na milimani.

Cape Town isipewe chini ya siku sita, nne za kupanga na mbili za kuuachia upepo. Maharusi wenye Machi mkononi waende huko, na mpiga picha yeyote pia. Familia yenye watoto wadogo inaweza kwenda kokote, ila Cape Town wachukue nyumba upande wa Muizenberg, karibu na maji yanayoogeka, wakikubali dakika 30 hadi 40 za gari kuingia mjini kabla foleni ya asubuhi haijaanza.

Ukishachagua, cha kwanza kununua baada ya ndege si hoteli. Kwa Cape Town ni boti ya Robben ya siku ya pili. Kwa Maskati ni chumba cha Nizwa cha usiku wa Alhamisi, kwa sababu ni vichache na Waomani wenyewe huanza wikendi yao jioni hiyo.